Kibao cha Babeli: 1 24 51 10 inasomwaje?

Mdadisi60
Wakuu, kwenye kibao cha udongo YBC 7289 (kipo Chuo Kikuu cha Yale, Marekani) kuna mraba, na juu ya ulalo wake (mstari wa kona hadi kona) namba 1 24 51 10. Kwa kizio cha 60, yaani kila nafasi ni mara 60 ya iliyo kulia kwake, napata 305,470. Haiendani na mchoro hata kidogo. Nakosea wapi?

UdongoMkavu
Hesabu iko sawa mkuu, ila umeifanya namba nzima. Mwandiko huu hauna alama ya desimali, msomaji mwenyewe ndiye anayeamua namba nzima inaishia wapi. Hapa iishie kwenye 1:

1 + 24/60 + 51/3600 + 10/216,000 = 1.41421296

Kipeuo cha pili cha 2 ni 1.41421356. Tofauti haifiki sehemu moja ya milioni, na kibao ni cha kati ya 1800 na 1600 KK!

Ulalo wa mraba ni upande mara kipeuo hicho. Sasa angalia upande: umeandikwa 30. Zidisha ukianzia kulia. 30 × 10 = 300, yaani 60 mara 5: andika 0, beba 5. 30 × 51 + 5 = 1535: andika 35, beba 25. 30 × 24 + 25 = 745: andika 25, beba 12. 30 × 1 + 12 = 42. Jibu 42 25 35, na ndiyo namba ya pili iliyo kwenye ulalo. Ile 0 ya mwisho haikuandikwa.

Kabari_Mbili
Kuna njia fupi. 30 ni nusu ya 60, na kuzidisha kwa 60 kunasogeza nafasi tu, kwa hiyo kuzidisha kwa 30 ni kugawa kwa 2 tu. Nusu ya 1 24 (yaani 84) ni 42. Nusu ya 51 10 ni 25 35. Basi.

Wengi hukwama kwenye kusoma alama zenyewe. Kabari iliyosimama ni 1, ya pembe ni 10. Kabari mbili zilizobanana ni 2, zikiachana ni 61, na mwandishi mwenye haraka haachi nafasi ya kutosha. Alama ya nafasi tupu ilizoeleka baadaye sana, enzi ya Waseleuko (watawala wa Babeli baada ya Aleksanda Mkuu), na kwa kawaida katikati ya namba tu.

Mdadisi60
Kumbe! Basi hata hiyo 30 si lazima iwe 30?

UdongoMkavu
Si lazima. Isome 30/60, yaani nusu, na ulalo unakuwa 0.707106, ambayo ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. Kibao hakisemi ipi.