Wanunuzi wa kahawa kutoka Japani wanakuja Moshi: kikao tukiandaeje?

Mbuni_Kibosho: Wakuu, habarini. Chama chetu cha msingi cha ushirika kinapokea wageni watatu wa kampuni ya Japani, Jumanne saa tatu asubuhi, kisha tunaenda shambani. Naomba mwongozo. Pia tulipowatajia bei kwa barua pepe walijibu kwamba "watalitafakari". Tuhesabu wamekubali?

Mkalimani_Njiro: Mkuu, msihesabu. Kwa Kijapani husema *kentō shimasu*, na mara nyingi hiyo ni hapana iliyofunikwa, kwa sababu kumkatalia mtu usoni ni kumvunjia heshima. "Ni vigumu kidogo" ni hapana kabisa. Ila huenda kweli wanatafakari: kampuni nyingi huamua kwa *ringi*, waraka unaopita meza kwa meza na kila mkuu anagonga muhuri wake. Wanaokuja wanaweza wasiwe na mamlaka ya kusaini, kwa hiyo msiwabane hapo hapo. Wapeni karatasi ya kubeba: madaraja ya kahawa kwa ukubwa na umbo la punje (AA, AB, PB), kilo za kila daraja, unyevu, na hasa dawa mlizopulizia pamoja na tarehe. Hilo la dawa msilipuuze hata kidogo. Tangu 2006, dawa ambayo Japani haijaiwekea kiwango chake inaruhusiwa mabaki ya 0.01 ppm tu (yaani miligramu 0.01 kwa kilo).

Mama_Mnada: Kadi za biashara: simama, toa kwa mikono miwili, maandishi yamwelekee anayepokea, taja chama kisha jina lako. Wakuu wa pande mbili waanze. Ukipokea, isome, kisha zipange mezani kwa kufuata walivyokaa. Kuandika juu ya kadi ya mtu au kuisokomeza mfuko wa nyuma ni tusi. Wageni wakae upande ulio mbali na mlango, ninyi karibu na mlango. Garini, mkuu wao nyuma ya dereva.

Mbuni_Kibosho: Asante sana mama. Mwenyekiti wetu ni mzee, lazima ainame? Na zawadi je?

Mama_Mnada: Kuinamisha kichwa kidogo kunamtosha. Zawadi ni kahawa yenu iliyokaangwa, mmoja mmoja, imefungwa vizuri, mwisho wa kikao. Ndani ya kila kifurushi weka pakiti tatu au tano, si nne: nne hutamkwa *shi*, sawa na kifo. Wasipoifungua mbele yenu msihuzunike, ndiyo adabu yao.

Mkalimani_Njiro: Naongeza la muda. Kwenye barua andikeni 9:00, maana "saa tatu" ikitafsiriwa neno kwa neno inawaleta alasiri. Tokyo iko mbele yetu saa sita, kwa hiyo saa tatu yetu ya asubuhi kwao ni saa tisa alasiri (15:00); mkitaka kuwapigia simu ofisini, msivuke saa tano asubuhi. Jumanne wote muwe mmekaa tayari dakika kumi kabla. Na shambani, mbege (pombe ya ndizi) kila mgeni na chombo chake. Mmiminieni ninyi, kwao mtu hajimiminii mwenyewe.