Kamera ya megapikseli 36 inanikosesha magoli, naomba ushauri
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya, kazi yangu ni picha za harusi na kipaimara. Nilijichanga nikanunua kamera iliyotumika, megapikseli 36. Kwa bibi harusi aliyetulia, au mashamba ya chai kule Tukuyu, sina la kulalamika. Unakuza picha mpaka unahesabu shanga za gauni.

Shida ni Uwanja wa Sokoine. Nimeanza kupiga mechi, na mashine hii inatoa picha 4 tu kwa sekunde. Winga anayekimbia mita 8 kwa sekunde anakuwa keshasogea mita 2 kati ya picha na picha. Napata mguu ukiwa nyuma, inayofuata mpira uko wavuni! Nikishikilia kitufe, faili za RAW (picha ghafi, nzito) zinajaa, kamera inaganda ikiandika kwenye kadi. Halafu kwa pikseli nyingi hivyo mtikisiko mdogo tu unaonekana nikikuza. Kasi ya shata ya sekunde 1/500 hainitoshi, nataka 1/1000, na wingu likishuka toka mlima Loleza lazima nipandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Picha inakuwa chenga tupu.

Nimehamia JPEG, faili nyepesi zilizobanwa, afadhali kidogo.

Je, niiuze nichukue Nikon D500, megapikseli 20.9 lakini picha 10 kwa sekunde? Au Canon 7D Mark II? Sensa za zote mbili (kile kipande kinachopokea mwanga) ni ndogo, naogopa harusi za ukumbini usiku. Waliozitumia naomba mniambie. Mke wangu anasema nijifunze tu kubonyeza kwa wakati.