Mrejesho: mradi wa mwisho wa darasa la programu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kupanga mradi wa mwisho wa Python (lugha ya kuandikia programu) kwa wanafunzi wa sekondari ili wasiishie njiani.

Kilichosaidia kuliko vyote ni ule ushauri wa toleo dogo kwanza: wiki ya kwanza programu ipokee taarifa moja, iihifadhi, iionyeshe, basi. Menyu na madoido baadaye. Kila kundi kuandika kwanza pendekezo la mradi la ukurasa mmoja nako kulizima mapema ndoto za michezo ya 3D. Kukaa wawili wawili na kubadilishana kibodi kila dakika 20 kumeenda vizuri.

Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi na kuunganisha kazi za watu kadhaa, imegoma. Wawili wakihariri faili moja, kuunganisha kazi zao kulileta migongano wasiyoielewa, tukarudi kwenye kunakili folda yenye tarehe. Ifundishwe kabla ya mradi, si katikati.

Kwa atakayefuata: data zikipotea kila mara, angalia open(), amri ya Python ya kufungua faili. Ukifungua kwa hali ya "w" (kuandika upya), yote yaliyokuwemo kwenye faili hufutwa. Hali ya "a" huongeza mwishoni, ila ukiandika orodha nzima kwa "a" utapata marudio.

Kugawa alama kwa haki ndani ya kundi bado. Kumuuliza kila mmoja "mstari huu unafanya nini?" kumesaidia kiasi tu.