PS Vita, PSP au 3DS kwa mtu wa safari? Nisaidieni kabla sijatoa hela

Msafiri_Mbozi
Wakuu, habari za jioni. Natafuta mashine ya gemu ya kushika mkononi. Kuna jamaa hapa Mwanjelwa, Mbeya, anauza PS Vita ya Sony, kioo safi kabisa. Nasikia Sony walishaacha kuitengeneza na duka lake la mtandaoni linachechemea. Kwenye kibanda hicho hicho kuna PSP, ile iliyotangulia Vita, na jirani yake ana Nintendo 3DS. Nichukue ipi? Naomba majibu kabla ya kesho asubuhi, nasafiri.

FundiMafiati
Mkuu, umeuliza kama mteja anayepiga simu "fundi, gari haliwaki" halafu anakata. Vita ipi, toleo la 1000 au 2000? Ina memori kadi ya GB ngapi? Imechipiwa, yaani wameivunja kufuli za Sony, au iko kama ilivyotoka kiwandani? PSP ipi? Na bajeti yako?

Sauti_ya_Kihesa
Kamwene wote. Naongezea: ya kwako au ya mtoto? Maana humu tutabishana mpaka saa sita halafu useme ni zawadi ya Kipaimara.

Msafiri_Mbozi
Mnisamehe wakuu. Ni ya kwangu. Vita inachajiwa kwa waya kama wa zile simu zetu za zamani. PSP nyuma imeandikwa E1004. 3DS maandishi yote ya Kijapani, jamaa anasema lugha inabadilishwa.

FundiMafiati
Sawa, sasa tunaongea. Kama inatumia waya wa simu, hiyo ni 2000, ile nyembamba. 1000 ina kioo kizuri zaidi, OLED, lakini waya wake ni wa peke yake. Ukikatika ukiwa Mbeya utaanza kuulizia Kariakoo, na Kariakoo wenyewe watakuuliza "Vita ndiyo nini?"

3DS ya Kijapani achana nayo. Haibadiliki lugha, huyo jamaa ama hajui ama anakufanya mjinga. Tena zimefungwa kwa kanda: ya Japani inakubali kadi za gemu za 3DS za Japani tu. Vita ya Japani ina afadhali, Kiingereza kimo, na kadi za gemu hazibagui nchi. Utakachosumbuka nacho ni kwamba kukubali unabonyeza duara badala ya msalaba. Siku ya kwanza utafuta vitu ulivyotaka kuvihifadhi.

Mimi ningechukua PSP, ila si hiyo E1004. Hiyo haina wifi. Tafuta PSP 3000.

Ismani_Kwetu
Fundi usiizike 3DS kwa sababu ya moja ya Kijapani. Mimi ninayo ya Ulaya tangu nikiwa chuo Mkwawa na mpaka leo inadunda. Memori kadi ni ya kawaida tu, ile ile ya kamera. Wakati ule wenzangu wa Vita walikuwa wanalia na kadi za Sony.

Loleza_2012
Mimi ni mmoja wa hao waliolia, kwa hiyo ngoja niseme.

Vita ilitoka Japani Desemba 2011, Marekani na Ulaya Februari 2012. Marekani ilianzia dola 250. Hapo hujanunua kadi ya memori. Kadi yake ni ya kwake peke yake, haiingii kwenye kitu kingine chochote duniani, na ya GB 32 iliuzwa dola 100. Yaani unanunua ng'ombe, halafu kamba unauziwa kwa bei ya ndama. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipoiua wao wenyewe, kabla simu hazijaimalizia. Nintendo nao walianza 3DS kwa dola 250, wakaona haiendi, miezi michache tu wakashusha hadi 170, Agosti 2011. Sony walisubiri mpaka 2013 ndipo wakashusha, tena mpaka 200 tu.

Baada ya hapo ni kunyofoa kidogo kidogo. 2015 wakaondoa YouTube na ramani. Mwaka huo huo Shuhei Yoshida, mkubwa wa studio zao, akaulizwa kama kuna mrithi, akajibu kwamba kwa jinsi gemu za simu zilivyotawala, mazingira hayaruhusu. Machi 2019 wakafunga uzalishaji, na mwezi huo huo wanachama wa PS Plus, ile huduma yao ya kulipia, wakaacha kupewa gemu za Vita. Machi 2021 wakatangaza kwamba Agosti wanafunga na duka. Watu wakapiga kelele, Aprili Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa PlayStation, akajitokeza akasema tumekosea, la Vita na la PS3, ile ya mezani, litabaki. La PSP likafungwa Julai.

Kwa hiyo duka lipo. Ila tangu Oktoba 2021 ukiwa kwenye Vita yenyewe hulipi kwa kadi ya benki. Ni mpaka uwe umeweka salio kwa njia nyingine au una namba za vocha. Mlango wameuacha wazi, ngazi wameiondoa.

Kijana_Uyole
Huo wote ni usumbufu wa bure. Weka PPSSPP kwenye simu, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, gemu zote za PSP unazo. Hela iliyobaki kula kuku.

Msafiri_Mbozi
Kijana, simu siwezi. Mimi ni utingo, gari letu linapiga Dar–Tunduma–Lubumbashi. Foleni ya Tunduma mnaijua. Kuna safari tumekaa siku nne, unahesabu matairi ya gari la mbele mpaka unayajua kwa sura. Simu ikizima chaji bosi anapiga hapati, anajua tunauza mafuta. Nataka kitu cha pembeni, kisichohitaji bando.

Sauti_ya_Kihesa
Si ungesema tangu mwanzo!!

FundiMafiati
Kweli, hii inabadilisha kila kitu. Gari ni volti 24, eti? Chukua chaja ya kuchomeka pale pa kuwashia sigara, ila isome 12 mpaka 24 isije ikaungua. Vita 2000 inachaji hapo hapo kwa waya wa simu. Hata PSP inawezekana, ni volti 5, kuna waya wa USB wenye pini ya duara. Lakini PSP ina kitu Vita haina: betri unatoa kwa kidole, unaweka nyingine. Unatembea na mbili mfukoni.

Loleza_2012
Fundi, betri zipi hizo? PSP ilikufa 2014. Betri unazouziwa leo zimeandikwa namba kubwaa, ukicheza nusu saa taa inawaka nyekundu. Ya kwangu ilivimba mpaka mfuniko wa nyuma ukagoma kufunga, nikawa nacheza nimeushikilia kwa dole gumba.

FundiMafiati
Ulinunua kwa bei ya karanga, ulitegemea nini?

DadaMakambako
Mdogo wangu Msafiri, kabla hujatoa hela yako soma haya yaliyonikuta.

Mwanangu alifaulu darasa la saba, baba yake akamuahidi Vita. Binamu yangu wa Dar akampata mtu, nikatuma hela, kikaletwa kwa basi kimefungwa kwenye kitenge. Kufungua, kinawaka vizuri, gemu tatu ndani, mtoto anaruka juu. Nikamwambia fungua akaunti yako sasa, uache ya watu. Akafungua. Kikasema hii kadi ni ya akaunti nyingine, ukitaka kuendelea kinafuta vyote. Yule muuzaji simu haipokelewi. Tukafuta. Gemu zote tatu zikaenda, zilikuwa za akaunti ya mwenyewe, kwetu zilikuwa picha tu.

Haya, tununue nyingine dukani kwao. Tanzania kwenye orodha ya nchi haipo. Kijana mmoja wa vifaa vya simu akatufungulia akaunti ya Uingereza. Kadi yangu ya benki haikubaliwi, ndiyo hayo aliyosema Loleza. Nikaambiwa nunua vocha. Nikanunua kwa mtu wa mtandaoni, dola 20, nikaingiza zile namba taratibu moja moja, mtoto ananisomea. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Kumbe vocha ni ya Marekani na akaunti ni ya Uingereza, haziingiliani. Nikamwambia muuzaji nirudishie, akaniambia dada, namba ukishaziona umeshakula. Dola 20 hiyo, mimi nauza viazi.

Mwishoni nikaagiza gemu ya kadi, ile ya kuchomeka. Inafanya kazi bila akaunti wala bando, mtoto akafurahi. Sasa kile kikadi kidogo, hakizidi ncha ya kidole. Wiki ya pili kikapotea. Tukapindua godoro, tukapekua begi la shule, nikamchapa kwa uzembe. Miezi miwili baadaye nachambua maharage, nakiona kimelala kwenye ungo katikati ya maharage ya njano. Nikakipangusa, nikakichomeka, kikawaka.

Kwa hiyo sikukatazi. Ila mwambie huyo wa Mwanjelwa afute akaunti yake mbele yako, na kilichobaki baada ya kufuta ndicho unachonunua.

Ismani_Kwetu
Dada pole sana. Ila mtoto umemchapa bure 😂

DadaMakambako
Nilimwomba msamaha, nikamnunulia soda.

Kijana_Uyole
Nyongeza kwenye ya dada: ukiwa umewasha ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti, Vita haikubali nywila yako ya kawaida. Unatengeneza nywila maalumu ya kifaa kwenye tovuti yao. Wengi wanadhani wamedukuliwa.

Prisons_Damu
Na mwenye gari akimnunulia PlayStation Portal, ile mpya ya Sony ya mkononi?

Loleza_2012
Portal ya 2023 bila intaneti ni sahani ya plastiki. Apate wapi wifi Tunduma, kwenye tenki la dizeli?

Mzee_wa_Igawa
Vijana, mimi nimeendesha miaka 26. Nimesoma uzi wote, kuna kitu sielewi. Scania 113 ni za tangu miaka ya themanini, na leo ukienda Sido unapata pistoni, unapata brashi, fundi anakuchongea hata bushi. Hakuna anayempigia mtu Sweden kumwomba ruhusa gari liwake. Hiki kidude cha 2011 kinataka kibali cha duka lililoko Uingereza ndiyo mtoto acheze? Umenunua au umekodi?

FundiMafiati
Mzee umenena. Ndiyo maana watu wanachipi. Vita iliyochipiwa unachomeka adapta kwenye tundu la kadi ya gemu, ndani yake unaweka memori ya kawaida ya simu. Ile habari ya kadi ya dola 100 imeisha.

Sauti_ya_Kihesa
Na waliotengeneza gemu wale nyasi? Kuchipi ni wizi, tuitane majina yetu.

FundiMafiati
Mtu anataka kulipa, duka halipokei hela yake, nchi yake haipo kwenye orodha. Nani kamwibia nani?

Sauti_ya_Kihesa
Anunue kadi ya gemu kama dada. Njia ipo.

Ismani_Kwetu
Na 3DS kadi zake bado zinapatikana. Duka lao lilifungwa Machi 2023 kwa ununuzi, na kucheza mtandaoni kukaisha Aprili 2024. Hawakukuchelewesha kama Sony, walikuambia tarehe ukajipanga.

Loleza_2012
Kwa hiyo daktari anayekuambia siku ya kufa ndiye mzuri?

Prisons_Damu
Jamani muhimu: kwenye PSP kuna yale mafaili ya mashabiki, PES, ile gemu ya mpira, yenye Simba na Yanga, jezi za msimu. Vita inayakubali?

Kijana_Uyole
Ikichipiwa inakubali, inacheza gemu za PSP vizuri tu. Ila yale mafaili Yanga wanapewa nguvu kuliko uhalisia.

Prisons_Damu
Uhalisia upi? Mlifungwa mkasema mwamuzi.

Kijana_Uyole
Wewe wa Prisons hii vita inakuhusu nini, subiri kushuka daraja taratibu.

*(Majibu 14 yamehamishiwa jukwaa la michezo. Turudi kwenye mada, tafadhali. – Msimamizi)*

Msafiri_Mbozi
Wakuu nimewasoma wote, dada Makambako ndaga fijo. Nimekwenda leo asubuhi kwa yule jamaa. Nikamwambia futa akaunti. Akasema akaunti ni ya shemeji yake, na shemeji yuko Chunya, hana simu. Nikamwambia basi toa memori tuone. Ilikuwa ya GB 4. Nikaiwasha bila memori, inasema ndani ina GB 1. Kioo ni kizuri kweli lakini, nikikikumbuka roho inaniuma.

FundiMafiati
Shemeji wa Chunya! Iache. Njoo Mafiati, nina PSP 3000, betri mbili, moja nimeipima mwenyewe saa tatu na nusu.

Loleza_2012
Hatimaye tumejua kwa nini fundi anapenda PSP.

FundiMafiati
Nauza kitu ninachokiamini, kuna ubaya gani?

DadaMakambako
Na hiyo betri ya pili fundi, umeipima?

Mzee_wa_Igawa
Utingo, kama uko Tunduma mwambie dereva wako asilale upande wa bondeni, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Betri yoyote haitadumu kwenye baridi ile, hata ya gari.

Msafiri_Mbozi
Foleni imesogea wakuu, tunavuka. Upande wa Nakonde laini hii haishiki. Fundi usiiuze, nikirudi napitia. Ila na ile Vita mtu akipita Mwanjelwa aniulizie kama shemeji amepatikana.

Sauti_ya_Kihesa
Kwa hiyo bajeti hajataja mpaka mwisho?