Kumwaga oili ya injini mwenyewe au kumwachia fundi, wenzangu mnafanyaje?

Mwendo_Pole:
Habari wakuu. Miaka yote gari napeleka gereji, naacha funguo, nikirudi naambiwa tayari nalipa naondoka. Sasa juzi nimefungua boneti niongeze maji ya kioo nikaiona filta ya oili imekaa pale na vumbi lake, nikapangusa na kitambaa nikakuta tarehe imeandikwa kwa maka, ni ya mwaka juzi!! Toka hapo nimeshafanya sevisi mbili na zote mbili risiti inaonyesha filta mpya. Nikachomoa dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili), oili imepita alama ya juu karibu upana wa kidole. Imeniuma kwa kweli maana hii gari ndo inabeba familia yangu kila siku.

Nataka nianze kufanya mwenyewe. Ni injini ndogo ya petroli, silinda nne, kitabu kinasema inakula lita 3.5 pamoja na filta. Nina spana za kawaida na ile jeki iliyokuja na gari. Je hii kazi mtu asiye fundi anaiweza au natafuta matatizo?

Babu_Spana:
Unaiweza mkuu, mimi ni mwaka wa kumi na kitu sasa sijampa mtu oili yangu. Ila kabla ya yote, HIYO JEKI YA GARI USIINGIE CHINI YAKE. Ile ni ya kubadilishia tairi tu, ikiteleza hupati nafasi ya kujitoa. Tafuta stendi mbili imara za kushikilia gari juu, sehemu iwe tambarare na ngumu, handibreki juu, tairi za nyuma ziwekee vizuizi, na ukishaiweka kwenye stendi itikise kwanza kabla hujaingiza hata mkono.

Kazi yenyewe sasa. Washa injini dakika chache oili ipate uvuguvugu itoke na uchafu wake, usiichemshe maana itakuunguza. Fungua mfuniko wa juu, weka beseni, legeza nati ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), na ujue oili mwanzoni inaruka mbele haidondoki wima, kwa hiyo beseni lisogeze kidogo. Iache itiririke mpaka ibaki matone. Wosha (ile pete bapa) ya ile nati weka mpya, ni kitu kidogo sana ila watu wengi wanavujisha oili kwa sababu yake.

Filta ndo penye mtego. Ukishaifungua ya zamani angalia ile raba yake imetoka nayo au imebaki imegandia kwenye injini. Ikibaki halafu ukafunga mpya juu yake raba zinakuwa mbili, ukiwasha pale presha ya oili inaisukuma nje na injini inaweza kumwaga oili yote barabarani bila wewe kujua mpaka taa nyekundu iwake, na hapo unakuwa umechelewa. Raba ya filta mpya ipake oili safi kwa kidole, funga kwa mkono, ikishagusa ongeza kama robo tatu ya mzunguko basi, spana ya nini.

Kujaza usimimine zote 3.5, mimina 3 kwanza, washa nusu dakika, zima, subiri dakika kumi ndo upime halafu unaongeza kidogo kidogo. Hiyo ya kwako iliyopita alama usiichukulie poa, ikizidi sana krenki (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) inaanza kuipiga oili inakuwa povu, na povu halilainishi beringi, zile sehemu shafti inapozungukia.

fundi_wa_zamu:
Mimi ni fundi wa gereji na sitamtetea aliyekufanyia hivyo, huo ni wizi. Lakini ndugu zangu msiondoke wote. Gari ikiwa juu ya lifti kwangu oili ni sehemu ndogo tu ya ninachofanya, macho yangu yanapita kwenye raba za draivshafti (shafti zinazozungusha tairi) kama zimechanika, busha (raba za maungio ya chini), pedi za breki zimebaki ngapi, kuna mahali panalowa au la. Mtu amelala chali na tochi haya hayaoni, na hata akiyaona hajui kama ni ya kawaida.

Halafu kosa ninalopokea sana kutoka kwa wanaojifanyia ni kufungua nati ya giaboksi wakidhani ni ya injini, maana baadhi ya gari ziko karibu na zinafanana. Anamwaga oili ya gia, anaijaza injini ambayo ilikuwa bado na oili yake, sasa injini imezidi mara mbili na giaboksi iko tupu. Kwa hiyo oili yoyote unayomwaga iangalie rangi na harufu kabla hujaendelea. Ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia iliyokolea, ukiona nyekundu simama hapohapo.

Na kama utaendelea na gereji basi kaa pale pale. Omba galoni ifunguliwe mbele yako, omba filta ya zamani uondoke nayo. Fundi mwaminifu hawezi kukasirika kwa hilo.

Dada_Mkaza_Nati:
Naongezea kwa uchungu kidogo. Mimi mara ya kwanza niliogopa nati ya sampu itavuja nikaikaza kwa nguvu zangu zote, sampu ni ya alumini, mara ya tatu kuifungua meno yakatoka pamoja na nati. Nikaishia kubadilisha sampu nzima, pesa ya sevisi nyingi sana ikaondoka siku moja. Sasa nina spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na kitabu cha gari yangu kinasema newton mita 37, ukizikaza utashangaa ni kidogo kiasi gani. Na nati anza kuirudisha kwa vidole, ikigoma usiilazimishe, toa uanze upya.

Oili gani, fuata kitabu. Mimi nilishauriwa niweke nzito eti gari imezeeka, nikakataa, kama kimeandikwa 5W-30 (namba ya uzito wa oili) kuna sababu, hasa injini zenye mkanda wa taiming (unaofanya valvu zifunguke kwa wakati) unaozunguka ndani ya oili, hizo ukikosea aina ya oili mkanda unaanza kumomonyoka na vipande vinaziba njia ya pampu.

Kisima_Safi:
Hakuna aliyegusa oili chafu inaenda wapi!! Jamani msimwage chini wala mtaroni, haiozi ikaisha, inashuka mpaka kwenye maji tunayokunywa na kiasi kidogo tu kinaharibu maji mengi mno. Ina metali ndani yake. Irudishe kwenye galoni ulilotoa mpya, funga vizuri, peleka wanapopokea. Usiichanganye na petroli wala kulanti (maji ya kupozea injini) maana hapo hawataweza kuichakata tena. Na vaeni glavu, ile nyeusi si ya kuoshea mikono kila mwezi, inadhuru ngozi.

Mwendo_Pole:
Wakuu nimerudi, nimeifanya jana. Imenichukua karibu masaa mawili, nusu yake nilikuwa napambana na filta. Babu_Spana Mungu akubariki, raba ya zamani ILIBAKI kwenye injini, nisingesoma hapa nisingeangalia. Nimelaza boksi safi chini usiku kucha, asubuhi hakuna hata tone. Kuangalia huko chini kwingine nitampelekea fundi kila baada ya miezi kadhaa, hoja ya fundi_wa_zamu nimeielewa.

Babu_Spana:
Safi sana. Kesho kabla hujawasha pima tena dipstiki gari ikiwa sehemu tambarare, halafu andika kilomita na tarehe kwenye daftari na risiti za oili na filta zibandike humo, kama gari bado ina waranti hizo ndo zitakusemea.