Drupal 7 imezikwa tangu Januari 2025, mkurugenzi bado ananiambia "tovuti si inafunguka?"

Wakuu habari za jioni. Leo nimekuja kutema nyongo, mnisamehe.

Mimi ndiye "kijana wa IT" kwenye taasisi moja hapa mjini. Jina sitaji, ugali wangu bado unatoka humo humo. Tovuti yetu inaendeshwa na Drupal 7, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti. Ndiyo, saba, ile iliyotoka Januari 2011 na kuachwa rasmi tarehe 5 Januari 2025. Kwa wasiofuatilia: likigundulika tundu la usalama leo, ile timu ya usalama ya Drupal haikutengenezei tena kiraka. Utajijua mwenyewe.

Kufika mwisho si hoja, kila programu ina mwisho wake. Kinachonichoma ni kwamba tarehe tulikuwa nayo mezani miaka nenda rudi! Tangu 2018 wenye Drupal walishatangaza kwamba ikifika Novemba 2021 basi. Nikaandika dokezo, nikaambatanisha makadirio, milioni tisa na ushee. Ikaja corona, wenyewe wakasogeza hadi Novemba 2022. Wakasogeza tena, Novemba 2023. Mwishowe Januari 2025, na safari hii wakasema hakuna nyongeza.

Sasa kila wakisogeza, mimi ndiye naonekana mzushi. "We si ulituambia inakufa? Mbona iko hai?" Kikao kizima kicheko, mpaka mhudumu wa chai anacheka. Yaani muda tuliopewa ili tujipange, ofisi yetu imeutumia kuthibitisha kwamba kijana wa IT anapenda kutisha watu ili apate bajeti. Na mwezi uleule dokezo langu lilipokatwa, hela za fulana na maturubai ya maadhimisho zilipatikana ndani ya siku mbili.

Halafu ngoja niwape hii. Tovuti ilijengwa 2019. Drupal 8 ipo tangu Novemba 2015, tarehe ya kufa kwa saba imeshatangazwa, na jamaa aliyepewa tenda akajenga na saba! Nilimuuliza akanijibu "saba iko imara zaidi." Alimaanisha ndiyo pekee anayoijua. Akalipwa zote, simu siku hizi hapokei.

Na wale mnaotaka kuniandikia "si ubonyeze apdeti tu", hifadhini bando. Kutoka saba kwenda nane na kupanda juu hakuna kitufe. Nane waliiandika upya juu ya msingi mwingine unaoitwa Symfony. Mandhari ya zamani, yaani sura ya tovuti, hayakubali, na moduli (kipande cha nyongeza) uliyojiandikia unaianza upya. Unajenga tovuti nyingine pembeni, kisha unahamisha makala, picha na akaunti za watu. Ni kuhama nyumba hasa. Sisi tuna moduli ya fomu za wanachama aliyoiacha huyo jamaa, faili moja, mistari zaidi ya elfu mbili, na katikati kaandika kwa herufi kubwa USIGUSE HAPA. Kwa nini? Hakusema. Sijagusa mpaka leo, naogopa kama mtoto. Nilijaribu nakala ya tovuti kwenye PHP 8, toleo jipya zaidi la lugha inayoiendesha Drupal, maana PHP 7.4 nayo iliachwa tangu Novemba 2022, nikapata ukurasa mweupe pee. Kosa linaanzia mstari wa chini ya hayo maandishi.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja mwanachama akanipigia: "Mwanangu, siku hizi mnachezesha kamari?" Nikaingia Google nikaandika jina letu. Chini ya jina la taasisi, bonasi za kubeti, kurasa kwa kurasa. Nakimbilia kwa mkurugenzi, anachukua simu yake, anaandika anwani mwenyewe, ukurasa unakuja safi na picha yake juu. "Si inafunguka?" Utamweleza nini? Hawa wadukuzi wanamwonyesha kamari anayetokea Google tu. Anayeandika anwani haoni kitu. Nilikuja kukuta faili la PHP limejibanza kwenye folda ya picha, limewekwa saa tisa usiku, limepewa jina kama picha ya mkutano mkuu.

Ananiambia "likitokea tutarekebisha." Mzee, Oktoba 2014 lilipotoka lile tundu kubwa la SQL, la kuingilia hifadhidata ya tovuti, timu ya usalama ilikuja kusema kwamba ambaye hakuweka kiraka ndani ya masaa saba ahesabu ameshaingiliwa. Masaa saba! Kwa saa za huku mwisho ulikuwa saa nane usiku. Na hapo kiraka kilikuwepo, sisi leo hicho kiraka chenyewe hakipo.

Sasa nimepewa agizo: "Maliza wikiendi hii." Bajeti sifuri, posho sifuri.

Naona Backdrop, ile iliyochepuka kutoka Drupal 7 na kutoa toleo la kwanza Januari 2015, ina njia ya kupandisha moja kwa moja kutoka saba. Faili nimelifuta, pasiwedi nimebadilisha zote, lakini kuiamini tena hiyo seva siwezi. Kuna aliyehamia Backdrop akiwa na moduli ya kuandikiwa na mtu aliyetoroka? Aje hapa, hata usiku wa manane niko macho. Kikao ni Jumatatu saa mbili asubuhi.

Na wewe unayeandika "hamia WordPress", nimeshakuona.