Naomba ushauri: kisiwa cha Gaunilo na hoja ya Anselm

Ndugu wanakikundi, salamu kutoka Bukavu. Jumapili nitawaeleza vijana wa parokia hoja ya mwanateolojia Anselm, ya karne ya 11, kwamba Mungu, ambaye hakuna mkuu kuliko yeye awezaye kufikirika, hawezi kuwa katika mawazo tu, kwa kuwa kuwapo kweli ni ukuu zaidi. Nilipoijaribu kwa mdogo wangu, alijibu (bila kumjua mtawa Gaunilo, aliyempinga Anselm kwa mfano huohuo!) kwamba basi lazima kiwepo pia kisiwa bora kupita vyote, kuliko hata Idjwi yetu ya Ziwa Kivu. Nilimwambia kisiwa hakina kikomo cha ubora, maana daima unaweza kukiongezea mgomba mmoja. Hakuridhika, wala mimi. Je, jibu hilo linatosha? Na pingamizi la mwanafalsafa Kant la mwaka 1781, kwamba kuwapo si sifa inayoongeza kitu kwenye dhana, nilitaje siku hiyohiyo?